Mkusanyaji wa Sarafu za Kale Asibezwe

Machi 2021, sarafu moja ya dhahabu ya Marekani, yenye thamani ya dola 5 ilipotolewa mwaka 1822, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 8.4. Dhahabu iliyomo ndani yake ni takriban gramu 8 tu. Si ajabu basi kuwasikia watu wakidai kwamba ukusanyaji wa vitu kama hivyo ni wazimu wa matajiri.

Kwa maoni yangu, lawama hizo zimeelekezwa kusikostahili.

Yafaa ieleweke kwamba sarafu hizo hazikuadimika kwa kuwa zilitengenezwa chache. Kumbukumbu za kiwanda cha serikali mjini Philadelphia zaonyesha kuwa mwaka huo zilitolewa 17,796. Zinazojulikana leo ni tatu. Kilichoziangamiza ni sheria. Mwaka 1792 Bunge la Marekani liliamua kwamba ratili moja ya dhahabu ilingane na ratili 15 za madini ya fedha, ilhali katika masoko ya Ulaya dhahabu ilikuwa ghali kuliko hivyo. Wafanyabiashara wakawa wanazisafirisha sarafu ng'ambo ili ziyeyushwe kwa faida. Sheria iliporekebishwa mwaka 1834, nyingi zilikuwa zimekwisha kutoweka, na zile nzito zilizosalia zikaendelea kuingia tanuruni.

Je, ni nani aliyeziokoa chache zilizobaki? Ni yule yule anayebezwa. Tajiri wa dawa, Josiah K. Lilly, alikusanya zaidi ya sarafu 6,000 za dhahabu. Baada ya kifo chake mwaka 1966, zilikabidhiwa makavazi ya taifa ya Smithsonian, nayo familia yake ikapunguziwa kodi ya urithi. Mojawapo ilikuwa ya mwaka huo wa 1822. Leo makavazi hayo yana mbili kati ya zile tatu.

Hata hivyo, sifa hizi zina masharti. Mali bila daftari huisha bila habari. Anayemiliki kitu cha namna hii na aandike kilikotoka, asikisugue kwa tamaa ya kuking'arisha, na awaruhusu wataalamu na umma kukiona. Anayekifungia kasharani ili bei ipande hana tofauti kubwa na aliyekiyeyusha: wote wawili wameona dhahabu tu, wakaisahau historia.