Je, Jina Jema Hung'ara Gizani?

Wazee husema: "Jina jema hung'ara gizani." Neno hilo ni la kweli kwa tabia ya mtu. Je, ni la kweli pia kwa kitu kilichofanywa kwa mikono? Leo tulipime kwa habari ya fidla za kale za Italia, ambazo jina lake limeenea duniani kote.

Fidla ndiyo violoni, kama tunavyosema huku Kongo kwa kufuata Kifaransa. Watu wa Nyamianda hawataiona kuwa kitu kigeni kabisa, maana ng'ambo ya ziwa, katika Burundi, yuko ndugu yake mdogo: indingidi, zeze la uzi mmoja lipigwalo kwa upinde. Fidla ina nyuzi nne, nayo hushikwa kati ya bega na kidevu. Ndani yake kimesimamishwa kijiti kidogo kinachopeleka mtetemo kutoka ubao wa mbele hata ubao wa nyuma. Waitalia hukiita "anima", yaani roho. Kijiti hicho kikisogezwa kidogo tu, sauti hugeuka.

Fidla zenye sifa kuu zilitoka Cremona, mji wa Italia ya kaskazini. Huko Andrea Amati alifanya kazi katika karne ya 16. Baada yake walitokea Antonio Stradivari, aliyekufa mwaka 1737, na Giuseppe Guarneri, aliyekufa mwaka 1744. Huyo Guarneri alibandika ndani ya fidla zake karatasi yenye msalaba na herufi IHS za jina la Yesu. Ndiyo sababu anaitwa "del Gesù", maana yake "wa Yesu". Vyombo vya Stradivari vilivyosalia hata leo ni karibu 650.

Wapigaji waliovizoea vyombo hivyo hueleza hivi. Fidla ya Stradivari ina sauti tamu na nyangavu, nayo huitikia hata mguso mwepesi wa upinde. Lakini haipendi kulazimishwa: mtu akiikandamiza, sauti hubanwa. Fidla ya Guarneri ina sauti nzito zaidi, nayo hustahimili mkono wenye nguvu. Paganini, mpigaji hodari wa Italia, alikuwa na moja ya mwaka 1743, akaiita Mzinga kwa ajili ya ukubwa wa sauti yake. Imetunzwa mpaka leo katika mji wa Genova. Tena wengi husema kwamba fidla njema humfundisha mwenye kuipiga: yeye hutafuta sauti ya namna moja, nayo humwonyesha nyingine nyingi ambazo hakuzidhania.

Kwa sababu ya sifa hizo bei imepanda mno. Mwaka 2011 fidla moja ya Stradivari, iliyofanywa mwaka 1721 na kuitwa Lady Blunt, iliuzwa kwa dola karibu milioni 16, na fedha hizo zikatolewa kuwasaidia watu wa Japani waliopatwa na tetemeko la nchi na mawimbi makubwa ya bahari. Tendo hilo lilikuwa jema. Lakini bei za namna hiyo zina madhara yake. Mpigaji hawezi kununua, bali hungoja kuazimwa na tajiri au shirika. Kijana hudhani kwamba pasipo chombo cha kale hatafika mbali. Naye fundi aliye hai hupata taabu kuliko wote, kwa maana kazi yake hupimwa na jina la marehemu kabla haijasikiwa.

Basi wataalamu wakataka kuipima sauti yenyewe, pasipo jina. Wakuu wao walikuwa Claudia Fritz wa Ufaransa na Joseph Curtin, fundi wa fidla wa Marekani. Mwaka 2010, katika mji wa Indianapolis, waliwaita wapigaji 21 wenye ujuzi. Waliwavika miwani ya giza, wakapaka manukato mahali pa kidevu ili harufu ya ubao wa kale isitoe siri. Fidla zilikuwa sita: tatu mpya, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri. Kumbe, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari!

Mwaka 2012, karibu na Paris, walifanya jaribio lingine kwa wapigaji 10 mashuhuri na fidla 12, sita mpya na sita za kale. Safari hii walipewa muda zaidi, katika chumba kidogo na katika ukumbi mkubwa. Sita kati yao walichagua fidla mpya. Walipoulizwa ipi ni ya kale na ipi ni mpya, hawakuweza kuzitambua kwa hakika. Mwaka 2017 wataalamu hao wakatangaza kwamba hata wasikilizaji waliokaa ukumbini, huko Paris na New York, walizisikia fidla mpya kuwa na sauti ifikayo mbali zaidi.

Wako waliopinga. Wanasema kwamba mtu hawezi kuijua fidla kwa saa moja au mbili. Yataka miezi, kama vile rafiki hajulikani kwa salamu moja. Neno hilo lina haki. Tena fidla chache zilizojaribiwa si fidla zote. Lakini na tukumbuke kwamba hizo za kale zenyewe zimebadilishwa: karibu zote zimetiwa shingo nyingine, iliyoinamishwa zaidi, na nyuzi za utumbo wa kondoo zimeachwa kwa nyuzi za namna mpya. Sauti tunayoisifu leo siyo ileile aliyoisikia Stradivari.

Je, jina la Stradivari limeanguka? Hasha! Mafundi wa leo hupima fidla zake na za Guarneri, hufuata umbo lake, na kujifunza unene wa mbao zake. Wanafunzi wakiwafikia walimu wao, hiyo siyo aibu ya walimu, bali ni sifa yao. Aibu ni yetu tunaosifu bei kabla ya kusikia.

Katika nchi yetu wenyewe liko jambo la kutazamwa. Mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbangu mjini Kinshasa. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, wakapokezana. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 filamu iliwatangaza kwa mataifa, na mwaka 2014 walikwenda kupiga Uingereza. Kama wangalingoja fidla za Cremona, wangalingoja mpaka leo.

Basi, ninyi vijana mnaojifunza muziki, msikidharau chombo kwa kuwa fundi wake ni jirani yenu, wala msikiabudu kwa kuwa kimetoka mbali. Fumbeni macho kwanza, msikie. Ndipo muulize jina.