Mashine Haijui Gorogoro

Baada ya kuacha chuo niliwahi kunakili risiti za mahindi kwa mfanyabiashara mmoja Kitale, nikilipwa kwa karatasi. Ikaletwa programu ya kuzisoma, nami nikarudi Tongaren. Kazi yenyewe silii, bana. Kinachoniuma ni kilichompata shangazi.

Shangazi aliomba mkopo, risiti zikiwa ushahidi wake. Msimu mmoja aliuza gunia 12. Uliofuata aliuza gorogoro 500 kidogo kidogo, maana karo haingoji bei ipande. Kwa hesabu za sokoni, gorogoro 40 hivi ni gunia moja, kwa hivyo mavuno hayakushuka hata. Programu ya mkopeshaji ilitambua gunia. Kwa gorogoro ikaandika sufuri. Mkopo ukakataliwa.

Hapo ndipo ontolojia inaingia. Usiogope jina. Ni maelezo yanayoiambia mashine ni vitu gani viko kwenye biashara na vinahusianaje: risiti ina muuzaji, muuzaji ana zao, zao lina kipimo, kipimo kina uzito. Lugha ya kuyaandika, OWL, ilipitishwa na W3C mwaka 2004 na ni ya bure. Kisingizio cha gharama basi hakuna. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Hata "gunia" lenyewe ni mtego. Kwenye stoo ya NCPB ni kilo 90, na unyevu usipite asilimia 13.5. Kwa broka aliyekuja shambani na lori, ni chochote kitakachoingia kabla ya kushonwa. Neno moja, mizigo miwili, na mkulima ndiye anayebeba tofauti.

Wasee wa teknolojia wataniambia AI ya leo inajisomea yenyewe. Inasoma, ndiyo, na pale isipojua inakisia. Ontolojia nzuri ingekuwa na sheria: kipimo kisichojulikana kisigeuzwe sufuri, kipelekwe kwa binadamu.

Kwa hivyo, wewe unayejenga hizi programu ukiwa Nairobi: kabla ya kuandika kodi, panda matatu, uje ukae siku moja na mama anayepima mahindi soko la Naitiri. Na wewe mkopeshaji, muonyeshe mkulima mashine ilisoma nini kabla hujamwambia hapana.

Shangazi bado anaziweka risiti zake. Ziko ndani ya gorogoro.