Manowari zilizouzwa eBay: Mmiliki haruhusiwi kuzigusa, kutu inazimaliza

Ungenunua gari ambalo sheria inakukataza kulisogeza wala kung'oa hata kioo chake? Mwaka 2019 kuna watu walifanya kitu cha aina hiyo. Tofauti ni kwamba walinunua manowari.

Kupitia mtandao wa eBay, meli nne za kivita za Ujerumani zilizolala chini ya maji ya Scapa Flow, visiwa vya Orkney huko Scotland, ziliuzwa kwa jumla ya pauni 85,000. Tatu kubwa, Markgraf, König na Kronprinz Wilhelm, zilienda kwa kampuni ya Mashariki ya Kati. Ya nne, Karlsruhe, ilichukuliwa na mnunuzi binafsi wa England. Muuzaji alikuwa mkandarasi mstaafu wa kazi za chini ya maji.

Kila moja ya zile kubwa ina tani zaidi ya 25,000 na urefu wa mita 175, zaidi ya kiwanja kimoja na nusu cha mpira. Mbona bei ya kutupa?

Zilifikaje huko?

Vita vya Kwanza vya Dunia viliposimama Novemba 1918, meli 74 za Ujerumani zilipelekwa Scapa Flow zikae chini ya ulinzi wa Waingereza huku mazungumzo yakiendelea. Juni 21, 1919, Admirali Ludwig von Reuter, akihofia kwamba Uingereza ingezichukua, aliamuru zizamishwe. Mabaharia wakafungua vali, maji yakaingia. Meli 52 zilizama siku hiyo, na Wajerumani tisa wakapigwa risasi na kufa.

Kisha wakaja watu wa vyuma chakavu. Mfanyabiashara Ernest Cox alianza kuziibua miaka ya 1920, na nyingi ziliishia kuyeyushwa. Zilizobaki kubwa ni saba tu: tatu hizo za mapigano na nne ndogo zaidi.

Kuziona si mchezo

Wapiga mbizi hutoka nchi mbalimbali kuzifuata, lakini maji ya huko ni baridi hata kiangazi. Wengi huvaa suti nzito isiyoingiza maji, na nguo za joto ndani yake. Markgraf iko kina cha mita 45 hivi, juu chini, kwa sababu uzito wa mizinga uliipindua ilipozama. Kina hicho kinampa mtu dakika chache tu. Naitrojeni huingia mwilini, hivyo lazima apande taratibu akisimama njiani. Akikurupuka, anaweza kupooza au kufa.

Sheria inazuia mwizi, haizuii kutu

Hapa ndipo jibu la bei lilipo. Tangu 2001 meli hizo saba zinalindwa kisheria kama kumbukumbu za kale. Kutazama ruksa, kuchukua marufuku, na hata mwenye hati hawezi kuzikata auze chuma bila kibali cha serikali.

Sheria hiyo ina meno. Mwaka 2014 wapiga mbizi wawili walitozwa faini ya pauni 18,000 kila mmoja kwa kuchukua vitu kutoka kwenye meli hizo.

Shida ni kwamba adui mkubwa hashtakiki. Maji ya chumvi yanakula chuma kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Zaidi ya hapo, kabla ya ulinzi kuanza, wakusanya vyuma walilipua matumbo ya meli hizo kwa baruti ili wapate shaba na metali nyingine za thamani. Matundu hayo yamezidhoofisha, na kuta zinaendelea kuporomoka.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili. Manowari ya Ujerumani Königsberg ilizamishwa Rufiji Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa ikapigana nchi kavu, na mmoja bado unaonekana Fort Jesus, Mombasa. Meli yenyewe iliishia kwenye vyuma chakavu na tope.

Kuziibua zile za Scapa Flow ili zihifadhiwe nchi kavu kungegharimu fedha nyingi mno, kwani chuma kilichokaa baharini muda mrefu huharibika haraka kikikauka bila matibabu maalumu. Kinachobaki ni kuzipima kwa sona na kuzipiga picha kutoka kila upande, kisha kuunganisha picha hizo kwenye kompyuta.

Ndiyo maana mpiga mbizi, aliyewahi kuonwa kama tishio, sasa anahitajika. Sehemu ikishaporomoka, picha aliyoipiga mwaka jana ndiyo itakayoonyesha ilivyokuwa. Sehemu ambayo hakuna aliyeipiga picha itakuwa imepotea kabisa, na hati ya eBay haitaweza kuirudisha.