Amplifaya ya Zamani Siyo Simu ya Kuflashi, Kaka!

Kuna mpiga solo mmoja wa bendi ya dansi jijini Dar, jina kapuni, ambaye amewaachia wenzake kilio. Bendi yao ina Fender Twin Reverb ya miaka ya 1970, lile dubwana la valvu lenye uzito wa karibu kilo 30, ambalo mzee mwenye bendi alilinunua kwa jasho lake. Staa akaona halilii kwa ukali anaoutaka. Bila kumwambia mzee, akalipeleka kwa fundi: "Niongezee trebo."

Fundi naye hakuuliza kitu. Kapasita za kiwandani kwenye njia ya toni zikakatwa na kutupwa, zikachomelewa zilizokuwepo mezani, na uso wa mashine ukatobolewa ili kuweka swichi mpya. Sasa jukwaani linachoma masikio, sauti nene ya gitaa imekauka, na volyumu ikipanda linapiga mluzi.

Kichekesho ni kwamba Twin Reverb ina swichi ya kazi hiyohiyo tangu kiwandani! Iko pale mbele, imeandikwa Bright. Inapitisha sauti kali pembeni ya volyumu kwa kutumia kapasita ndogo. Kadiri volyumu inavyopanda, ndivyo kazi yake inavyopungua. Kwa hiyo hata mtu akibandika kapasita nyingine hapo, atafurahia kwa fundi sauti ikiwa chini, halafu kwenye shoo asisikie tofauti. Staa amepiga shoo miaka yote na hiyo swichi hajawahi kuigusa?

Wapo wanaomtetea eti mbona hata Wazungu walibadilisha. Kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapiga gitaa Uingereza walilalamika kuwa Vox AC30 haina ukali wa kutosha, na Vox wakatoa nyongeza ya Top Boost iliyofungwa mgongoni mwa mashine. Lakini waliofanya hivyo ni watengenezaji wenyewe, wenye mchoro mkononi. Hawakubahatisha kwa makombo ya redio mbovu.

Amplifaya ya umri huo ikififia, mara nyingi imechoka tu. Kapasita za umeme zimekauka, valvu zimeisha nguvu, spika imelegea. Na nyuzi za gitaa je, zilibadilishwa lini? Wakali wa sebene wanajua ukali unaanzia mkononi: piga karibu na brija, panda juu ya shingo, waachie rizimu na besi nafasi yao.

Na asitokee wa kusema "nafungua mwenyewe, nimeona video". Ndani mle kuna zaidi ya volti 400, na kapasita hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa ukutani. Huo ni msiba unaoitwa kwa jina.

Mashine ni ya bendi, siyo ya staa. Akitaka mabadiliko, aanze kwa mzee, fundi afuate mchoro, na kila kifaa kinachotolewa kiwekwe kwenye bahasha ili kirudi. Kapasita za vipimo vilevile zitanunuliwa tena. Lile tundu ndiyo limeshatoboka.

Haya wadau, gharama abebe nani: staa au fundi? Tiririkeni hapo chini.