TAARIFA YA KATIBU: WASTANI SI MFUKO



Julai 1, 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati wa chini: pato la dola 1,080 kwa kila mtu, kiwango kikianzia 1,036. Dira ilitaka tufike 2025. Tuna haki ya kujivunia.

Lakini tulivuka kwa dola 44 tu, na huo ni wastani. Mwanachama mmoja akilipa ada ya 10,000 na mwenzake asilipe, wastani ni 5,000. Kwenye daftari langu mdaiwa bado ni mdaiwa.

Tukipita nyumba kwa nyumba, mama akilalamikia bei ya unga tusimjibu kwa takwimu za dunia. Tumsikilize, tuandike, tulete kikaoni.

Katibu wa Tawi