Beki Hakomai kwa Miezi Mitatu

Mwaka jana niliandika orodha ambayo mpaka leo inaninyima raha. Mradi mmoja wa michezo ulikuja hapa kwetu Nakivale, ukataka vijana ishirini wa kikosi cha kambi. Mchujo ulikuwa wa siku mbili. Fomu niliyopewa mimi kocha ilikuwa na nafasi ya jina, umri, kijiji na mabao. Basi, hayo tu.

Kulikuwa na kijana wa miaka 15, beki wa kati. Siku zote mbili hakuna mtu aliyepita upande wake. Na kwa sababu hakupita mtu, hapakuwa na kitu cha kushangilia. Kwenye mabao nikamwandikia sifuri. Akakatwa. Wiki iliyofuata alikuja kwangu na viatu vya kuazimwa, amevifunga kwenye mfuko. Akasema, "Kocha, viatu nimerudisha." Siku hizi anabeba mizigo sokoni, uwanjani haji.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu wakazi, na ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili.

Mpwa wangu alihamishiwa Marekani, mji wa Nashville. Huko ameupenda mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Alinitumia video, nikacheka sana: wanaume wazima wanateleza na vijiti! Lakini aliponieleza timu ya huko, Nashville Predators, inavyowapata mabeki wake, kicheko kiliisha.

Ligi yao, NHL, ina timu 32. Kila mwaka timu hizo zinapokezana kuchagua vijana, wengi wao wa miaka 18, kwa raundi 7. Kijana akishachaguliwa hatupwi uwanjani kesho yake. Mwingine anarudi timu ya vijana, mwingine anabaki nchini kwao akicheza huko, na mwingine anashushwa Milwaukee, kwenye timu ya chini inayolea wachezaji wa Nashville. Jina lake liko kwenye daftari la wakubwa muda wote huo.

Roman Josi ni kijana wa Uswisi. Nashville walimchagua mwaka 2008, akiwa wa 38. Alibaki kwao Bern miaka miwili zaidi, akaenda Milwaukee, akaingia timu kubwa mwaka 2011. Mwaka 2017 akawa nahodha. Mwaka 2020 akapewa tuzo ya beki bora wa ligi nzima. Hesabu mwenyewe: miaka 12 tangu siku ya kuchaguliwa. Mwenzake Mattias Ekholm, wa Sweden, alikuwa wa 102 mwaka 2009. Majina 101 yalisomwa kabla ya lake! Ilipita kama miaka minne ndipo akapata nafasi ya kudumu. Na Nashville ilipofika fainali mwaka 2017, wote wawili walikuwa kwenye ngome.

Kwa nini wanangoja? Kwa sababu wanajua kazi ya beki. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga la kumi, anabebwa mabegani. Beki akizuia mara tisa akakosea la kumi, anatukanwa. Kwenye barafu beki anateleza kinyumenyume huku anamtazama adui usoni, anaamua amfuate au amngoje. Maamuzi hayo hayafundishwi kwa semina. Yanakuja kwa kukosea mara nyingi, mahali ambapo kosa halikufukuzishi. Milwaukee ndiyo mahali hapo.

Najua mtanijibu: wale wana pesa, sisi mradi wetu ni wa miezi mitatu. Tena mtasema wale ni wafanyabiashara, wanauziana watu. Ni kweli. Shea Weber walimchagua mwaka 2003, wakamlea, akawa nahodha wao. Mwaka 2016 wakambadilisha na beki wa Montreal kama mbuzi mnadani. Mimi siwasifu kwa upendo wao. Nasema hivi: kama mfanyabiashara anayetafuta faida anaweza kumngoja mtoto miaka minne, ninyi mnaosema mmekuja kwa ajili ya utu mnashindwa nini? Mnagawa jezi, mnapiga picha ya kombe, mnaandika ripoti. Kisha mfanyakazi anahamishwa, anaondoka na kompyuta yake, na majina ya watoto wetu yamo humo ndani.

Na sisi wakazi tusijifanye wasafi. Jumapili uwanjani tunaimba jina la mfungaji peke yake. Mtoto akisema anataka kucheza beki, baba anamwambia hiyo ni nafasi ya wasiojua mpira. Na aliyeandika ile sifuri ni mimi, si mzungu yeyote.

Siombi barafu. Naomba daftari moja linalobaki hapa kambini, hata mradi ukiisha. Jina la kijana lisifutwe kabla ya miaka mitatu. Naomba timu ya pili inayocheza kila wiki, ili anayekatwa awe na pa kwenda badala ya kurudisha viatu. Na kwenye fomu kuwe na nafasi ya kuandika alichokizuia mtu. Mstari mmoja tu, jamani. Kalamu tunazo.

Nimesikia mchujo mwingine unakuja. Kabla haujafika nitakwenda sokoni kumtafuta yule kijana, nikiwa na vile viatu. Sijui kama atakubali. Ila fomu ikija tena na mabao peke yake, sitaijaza, hata kama hela ya motisha naihitaji, na kweli naihitaji. Mtatafuta kocha mwingine.