Raha ya Barabara ya Kusini ni ya Nani?

Kila likizo inapokaribia, wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, hasa wale waliokwisha kuajiriwa na kununua vigari kwa mkopo, huniuliza waende wapi kuendesha gari kwa raha. Majibu yaliyozoeleka yanajulikana: kupanda Lushoto kutoka Mombo kupitia Soni, kuzishuka kona za Kitonga, au kuizunguka Milima ya Uluguru kwa upande wa Matombo. Sina ugomvi na majibu hayo. Aliyepanda Soni asubuhi ya ukungu, dirisha likiwa wazi na gari likinguruma kwa gia ya pili, hahitaji kushawishiwa na mhadhiri.

Mimi huwaelekeza kusini. Huwaambia watoke Kongowe, wapite Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu na Bungu hadi Kibiti, kisha wateremke Ikwiriri na kulivuka Daraja la Mkapa. Wengi hucheka. Kwao barabara ya Kilwa ni njia ya kwenda msibani, kwenye korosho au kwenye gesi. Haihesabiwi miongoni mwa njia za matembezi. Kicheko hicho kinanifikirisha, kwa sababu nchi inayoamua kwamba baadhi ya barabara zake ni za kutazamwa na nyingine ni za kupitwa tu, imekwisha kuamua pia ni watu gani wa kutazamwa na ni watu gani wa kupitwa.

Tuanze na raha yenyewe, maana wasomi tuna tabia ya kuirukia siasa kabla ya kuonja chakula. Kutoka Bungu kwenda Kibiti ardhi haina mlima, lakini haijalala. Inapanda na kushuka taratibu, mikorosho na minazi ikisogea hadi karibu na lami, na barabara inanyooka kiasi cha kuona lori linalokuja likizama bondeni na kuibuka tena. Baada ya Ikwiriri nchi inafunguka ghafla. Unaingia katika bonde la mto lenye mashamba ya mpunga na madimbwi yenye ndege weupe, kisha daraja lenyewe, mita 970, juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kabla ya mwaka 2003 hapo Ndundu palikuwa na kivuko, na msafiri wa Lindi na Mtwara hakuulizwa atafika saa ngapi. Aliulizwa atafika siku gani. Wakati wa masika watu walilala kando ya mto na mizigo yao. Kizazi kinachovuka leo kwa chini ya dakika moja, jicho likiwa kwenye simu, hakijui kimevuka nini.

Anayetaka milima naye hakunyimwa. Ukishavuka Rufiji na kupita Somanga, pale Njia Nne unaingia kulia kuelekea Kipatimu. Hiyo ndiyo Milima ya Matumbi. Haina urefu wa Usambara, lakini njia yake ina kona, miteremko na miti inayofunika barabara, na ina jambo ambalo Lushoto haina: huko Nandete, Julai 1905, Wamatumbi waliing'oa mipamba ya Mjerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Mohoro yenyewe iko upande huu wa kusini wa mto, karibu na barabara kuu. Maelfu hupita eneo hilo kila wiki kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Tumewafundisha watoto wetu Maji Maji darasani kwa miaka sitini, kisha tunawapitisha mahali ilipoanzia bila hata kupunguza mwendo.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Sisemi tugeuze kila kijiji kuwa kivutio cha utalii. Hoja yangu ni kwamba raha ya barabara ni jambo la umma, sawa na usalama wake na uimara wake. Barabara hii inatunzwa kwa fedha za umma. Kila lita ya mafuta inayonunuliwa nchini inachangia Mfuko wa Barabara, na kijana wa bodaboda wa Mchukwi anachangia kila anapojaza tangi lake dogo. Ni haki kuuliza anarudishiwa nini.

Tuangalie anachokipata. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60. Kwa vijiji vilivyojipanga kando ya lami, maana yake ilikuwa alama ya X ukutani. Ndani ya hifadhi hiyo ya upana wa mita 60, safari yote hadi darajani, msafiri ana taabu kupata mahali palipotengwa ambapo anaweza kuegesha, kukaa kivulini, kujisaidia kwa heshima na kununua nanasi bila kusimama ukingoni mwa lami huku basi likimpulizia vumbi. Mama anayeuza korosho za kukaanga hulazimika kukimbia sambamba na dirisha la basi akiwa ameshika ndoo kichwani. Tumeifanya biashara yake iwe mchezo wa hatari, kisha tunamlaumu kwa kuingia barabarani.

Upande wa dereva nao ni kichekesho. Uhusiano wake na kijiji ni kibao cha 50 na askari wa trafiki mwenye tochi. Dereva anayewashiwa taa na mwenzake kutoka mbele hapunguzi mwendo kwa sababu kuna shule. Anapunguza kwa sababu ya faini ya shilingi 30,000. Akishaipita tochi, anakanyaga tena. Sheria inahitajika na mimi naitetea, lakini kijiji ambacho dereva hukifahamu kwa faini tu hakiwezi kupendwa naye. Kijiji chenye mahali pa kusimama, kahawa na samaki wa kukaanga hupunguza mwendo wa magari kwa njia nyingine kabisa.

Kuna sababu nyingine ya watu kutosimama Kibiti, na wasomaji wangu wengi wanaikumbuka hata kama hawaitaji. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Mkuranga, Kibiti na Rufiji, waliuawa viongozi wa vijiji, wanachama wa chama tawala na askari polisi. Aprili 2017 askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Barabara hii ikawa ya vizuizi, magari yakapita mbio kabla ya giza, na wenyeji wakajifunza kutomjibu mgeni anayeuliza maswali. Novemba mwaka huohuo mwandishi wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mambo hayo, alitoweka hapo Kibiti. Hajaonekana. Naandika haya ndani ya makala kuhusu raha kwa makusudi. Raha ya safari ni uwezo wa kushuka garini, kumsalimu mzee aliyekaa barazani, kuuliza habari na kujibiwa bila yeyote kati yenu kugeuka kuangalia nyuma. Familia ambayo haijaambiwa mtu wake yuko wapi bado haina barabara hiyo, hata lami iwe laini kiasi gani.

Kisha kuna delta. Ukiwa Bungu, ingia kushoto kuelekea Nyamisati. Huko lami si jambo la kutegemea, lakini mwisho wa njia ndio zawadi: mikoko, mikandaa na misindi imesimama ndani ya maji, na gatini abiria wa Mafia wanasubiri chombo. Huu ni msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki. Boriti zake zilijenga nyumba za mwambao na za Uarabuni kwa karne nyingi, na Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishia katika mikono ya mto huu. Hapo gari halina kazi tena. Salale, Kiongoroni, Maparoni na Msala ni nchi ya mitumbwi na boti, na barabara yao hufunguka na kufungika kwa maji kujaa na kupwa. Mjamzito wa huko akishikwa na uchungu usiku maji yakiwa yamekupwa, husubiri mwezi uamue. Mtu wa mjini aliyekuja kupiga picha machweo aijue hiyo pia.

Historia ina kejeli yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa Operesheni Rufiji, serikali iliwahamisha watu kutoka bonde la mafuriko kwenda nyanda za juu ili wafikiwe na huduma. Waliahidiwa barabara. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa kuwa rutuba haikuhama nao. Mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Mei Kimbunga Hidaya kikaikata barabara kuu eneo la Somanga. Mabasi na malori yakakwama. Nchi nzima ikakumbuka kwa siku chache kwamba kusini kuna njia moja tu ya kutegemewa, kisha ikasahau.

Kila kimbunga huleta wakandarasi, na kila mkandarasi huja na michoro. Kwa watumishi wa umma mnaonisoma, na najua mpo, ombi langu liko kwenye michoro hiyo. Kabla ya mkataba wowote wa ukarabati kati ya Mkuranga na Somanga kusainiwa, ongezeni maegesho manne: Bungu, Kibiti, Ikwiriri na upande wa kusini wa daraja. Wekeni vyoo, maji, miembe ya kivuli na vibanda ambavyo halmashauri itawapa akina mama walewale wa ndoo, si mfanyabiashara mmoja kutoka Dar es Salaam. Wekeni kibao pale Mohoro chenye jina la Kinjikitile. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kilomita moja ya lami.

Na kwa wanafunzi wangu: nendeni kati ya Julai na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Ondokeni Kongowe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana foleni ya Mbagala haina huruma. Bebeni noti ndogondogo. Njia ya Kipatimu inataka gari lililoinuka kidogo na dereva asiye na haraka, na ukifika, salimia kwanza kabla ya kutoa simu ya kupigia picha.